Jiko la Oili Chafu

Tangu Bosboi aunde na kufunga lile jiko la oili chafu katika karakana ya ushonaji ya Moliehi, benchi la wanaume limehama. Zamani lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa duka la unga, ambako jua hufika mapema. Sasa limeegemezwa kando ya mlango wa karakana, pale dohani inapotoboa ukuta wa mawe, maana mawe ya hapo yana joto kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Birika la kahawa huchemkia ndani, juu ya pipa la jiko. Likichemka, mtu huingia mbio akalitoa, na mlango hufungwa nyuma yake upesi joto lisitoroke. Mokhotlong, milimani Lesotho, mwezi wa Julai wa baridi kali, si mahali pa kuchagua majirani: unakaa penye joto, na uliyemkuta hapo ndiye rafiki yako. Alhamisi hiyo theluji ilikuwa bado nyeupe vilimani, na matope ya barabarani yalikuwa yameganda yakaota meno. Wanaume watatu walikuwa benchini. Washonaji wa Moliehi nao walikuwa nje, jambo lisilo la kawaida saa za kazi. Walikuwa wamekaa chini juani na nguo nyeusi mapajani, na mmoja alikuwa ametoka kutapika nyuma ya choo.

Moliehi peke yake hakuketi. Alisimama na mkasi mkononi, akatembea mpaka kona ya nyumba, akarudi, akatazama jua, akatazama mlango. Kina mama wa sala walitaka sare zao Jumapili, siku ya kupokea wenzao wapya kanisani. Sketi zilikuwa tayari. Mablauzi hayakuwa tayari, wala kola. Kushona nje hakuwezekani, kwa baridi ile vidole havioni sindano. Kushona ndani kunawaumiza watu wake. Alitakiwa aamue kabla jua halijaingia nyuma ya mlima, tena aamue yeye, maana wanawake wale wangerudi ndani akiwaambia warudi. Hilo ndilo lililomkosesha raha.

— Nakuuliza tena, ntate Bosboi, — alisema, akimwita baba kwa heshima. — Siku ya tatu leo wanaumwa kichwa. Wakitoka nje kinatulia. Wakirudi ndani kinaanza. Hilo jiko lako lina nini?

— Jiko langu lina joto, m'e, mama yangu. Uliomba joto, nikakupa joto. Sasa unaniuliza kama mtu aliyenunua ng'ombe akakuta ana maziwa.

Jina lake halisi ni Ramaqele, ila la Bosboi alirudi nalo kutoka migodini, alikokuwa akiongoza kikosi chini ya ardhi. Migodi ilimwachisha kazi zamani. Uongozi haukumwacha.

— Tatizo si jiko, — alisema mzee wa katikati, anayeitwa Blanketi Mbili kwa sababu hata Desemba, wakati wa joto, havai moja. — Tatizo ni sisi. Mtu wa milimani damu yake ni kama mafuta ya kondoo. Imezoea kuganda. Ukiipasha moto inayeyuka, inapanda kichwani. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? — aliuliza Seipati, mshonaji mwenye mdomo kuliko wote.

— Imeingia kwa mlango. Pokea kahawa.

— Sitaki kahawa yako. Nimetoka kutapika.

— Basi pisha wenye matumbo mazima.

Wanaume wakacheka. Moliehi hakucheka. Kulikuwa na kitu amekisahau, alikihisi kikimkwaruza kwa ndani kama lebo iliyobaki kwenye shingo ya nguo. Pasi? Pasi aliitoa mwenyewe, imekaa pale juu ya jiwe. Uzi mweupe? Uzi upo. Akaenda tena mpaka kona, akarudi.

— Mimi mwenyewe, kwa macho haya mawili, — alianza wa tatu, na wote wakajua linakuja nini. Huyu ni Shahidi, mpiga debe wa stendi, ambaye hakuna jambo lililowahi kutokea duniani bila yeye kuwepo. — Nilikuwa Durban. Kulikuwa na dereva wa lori, analala na hita imewashwa. Asubuhi tukamwamsha. Akaamka anasema Kizulu.

— Si alikuwa Mzulu?

— Alikuwa Mzulu, lakini siku hiyo alikisema zaidi.

— Toka hapa!

— Sikiliza kwanza! Ile oili mnayochoma ndani, mnaitoa wapi? Gereji. Gereji wanaitoa wapi? Kwenye magari. Magari gani? Juzi wamemwaga oili ya lile gari linalobeba maiti. Nilikuwepo. Oili imezunguka na marehemu miaka yote hiyo, imejifunza usingizi wao. Leo unaichoma, usingizi unatoka. Mnashangaa nini wanawake kusinzia kwenye cherehani?

Seipati alijivutia blanketi mabegani.

— Si kusinzia tu, — alisema taratibu. — Asubuhi miguu iliniisha nguvu. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Niliogopa.

— Umeona? Maiti hasimami!

— Ntate Shahidi, nyamaza kidogo, — alisema Moliehi. — Seipati, ilikuwaje?

— Kama nimelewa bila kunywa, ausi, dada yangu. Nikajikokota mpaka mlangoni. Hewa ya nje iliponipiga, ndiyo miguu ikarudi.

Blanketi Mbili alimwangalia Seipati juu mpaka chini, akakohoa kwa maana.

— Kichwa kinauma, anatapika, miguu haina nguvu. Dalili ya mvua ni mawingu. M'e Seipati, mumeo alirudi lini kutoka Afrika Kusini?

— Mume wangu hajarudi tangu Pasaka!

— Basi hayo ni mawingu ya nani?

Kicheko kililipuka, hata wanawake waliokuwa chini wakacheka, ingawa mmoja alishika paji la uso akilalamika kuwa kucheka kunamuuma. Seipati alimrushia Blanketi Mbili kipande cha barafu kikampata begani.

— Tuko watu wengi tunaoumwa, mzee mzima wewe! Wote tuna mimba?

— Mimi nasema tu. Lisemwalo lipo.

Bosboi hakupenda mazungumzo yalivyomkimbia. Alinyoosha miguu yake mirefu mbele ya kizingiti, viatu vya mgodini vikakaa kama magogo mawili, akaweka kikombe juu ya goti.

— Niwafundishe, maana naona nimekaa na watoto. Oili inatona kutoka kwenye kopo, tone kwa tone, inaangukia kwenye drami ya breki iliyo moto. Inawaka. Feni ndogo inaupulizia moto hasira. Moshi unaingia ndani ya mabomba ya ekzosi, na mabomba yamelala ndani ya pipa. Feni kubwa inasukuma hewa ndani ya pipa, ila nje ya mabomba. Mnanifuata? Hewa inachukua joto. Moshi unaacha joto, unakwenda zake kwenye dohani. Moshi na hewa ni kama mimi na mkwe wangu, mke wa mwanangu: nyumba moja, ukuta katikati. Hatugusani, hatutazamani, na jina langu halitamki hata akiota ndoto.

— Na bomba likitoboka? — aliuliza Blanketi Mbili.

— Nimelichomelea mwenyewe.

— Ndiyo maana nauliza.

— Mzee, hapa hata upepo haupiti! Waulize hao wanawake. Wameziba kila tundu.

Hilo lilikuwa kweli, na Moliehi alikuwa akijivunia. Jiko lilipoanza kuwaka, upepo ulikuwa ukiingia pale mawe yanapokutana na bati, na chini ya mlango wa nyuma, na kwenye pembe za dirisha. Moliehi na wenzake wakafanya kama wanavyofanya nyumbani kabla ya theluji. Walichanganya udongo na samadi ya ng'ombe, wakaziba, wakalainisha kwa viganja. Mlango wa nyuma waliuziba wote, kwa kuwa wa mbele unatosha. Seipati aliona haipendezi kuacha hivihivi, akachukua uma akachora mistari ya maua juu yake, kama ukuta wa nyumba ya bibi arusi. Mwenye nyumba alipopita alisema mjusi akitaka kuingia itabidi aombe ruhusa.

— Na huyo mkwe wako, ntate, ana adabu kweli, — alisema Shahidi. — Siku hizi wako wachache.

Bosboi akavimba.

— 'Mathabo? Anafuata mila: tangu mwanangu amlete sijaona nywele zake wala kusikia sauti yake. Nikiingia jikoni, yeye keshatoka. Nikikaa mlango wa mbele, atapita wa nyuma, na kama hakuna wa nyuma atangoja mpaka niondoke, hata iwe jioni. Tumempa jina la kuwa mama wa mtoto ambaye hajazaliwa bado, na tayari amelivaa kama lilikuwa lake. Mimi nilimwambia mwanangu, hapa umeoa.

Alisema kama mtu anayesifia farasi wake, na wenzake wakaitikia kwa vichwa, maana hakuna asiyependa mkwe wa namna hiyo.

Moliehi alisimama ghafla, mkasi ukamgonga pajani. Kitu kile kilichomkwaruza kilikuwa kimesogea karibu kabisa na ulimi. Akafungua mdomo.

— Sasa nisikilizeni mimi, — alidakia Shahidi, naye Moliehi kikampotea tena. — Mmetaja kila kitu isipokuwa kitu chenyewe. Ile feni kubwa inalia vipi? Inalia *mmmm*. Usiku mkiwa kimya, mto chini kule unalia vipi? *Mmmm*. Mnajua nani anakaa mtoni.

— Usianze, — alisema mwanamke mmoja kutoka chini.

— Nyoka mkubwa! Wazee wetu walisema akisafiri husafiri na upepo, na paa za watu hung'oka zikabaki milimani. Mnampigia feni kutwa nzima kwa sauti yake mwenyewe. Anadhani mwenzake anamwita. Amekuja. Yumo ndani ya dohani, amejikunja, anawanyonya pumzi. Mimi mwenyewe jana jioni nimeona moshi unashuka badala ya kupanda!

— Moshi unashuka? — aliuliza Moliehi.

— Unashuka, m'e! Unarudi ndani!

— Ulikuwa umelewa, — alisema Bosboi.

— Nilikuwa nimelewa, lakini moshi ulikuwa mzima.

Benchi zima likatetemeka kwa kicheko. Blanketi Mbili alifuta machozi kwa pembe ya blanketi la juu. Bosboi alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini, akapiga ukuta kwa kiganja, akasema kama kuna nyoka basi naye alipe kodi ya joto. Moliehi aliwatazama, akatamani awamwagie maji. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kufika mlimani.

— Imetosha, — alisema. — Mnacheka, mimi nina watu wa kuwapa jibu. Seipati, tuingie tumalize kola tu, halafu...

Hakumaliza. Farasi wa rangi ya majivu alikuwa amesimama mbele yao, anatoa mvuke puani, na juu yake mwanamke mnene mwenye blanketi la kijani lililobanwa kwa pini kubwa. Alikuwa ametoka upande wa Mapholaneng, nyusi zake zimeshika umande ulioganda.

— Khotso, bo-ntate. Khotso, bo-m'e.

— Khotso, m'e, — waliitikia salamu yake ya amani.

— Nimekuja kujaribu nguo yangu ya sala. — Alishuka kwa shida, akaegemea shingo ya farasi. — Yule mwali aliyenipima wiki ile yuko wapi? Yule mwembamba, mpole, mwenye mikono ya baridi. Nataka yeye, maana alinipima vizuri bila kunicheka kiuno.



Moliehi alimgeukia Seipati.

— Si ulimtuma uzi?

— Mimi? Mimi nilidhani wewe umempa ruhusa akapike kwao mapema.

— Sikumpa.

— Alisema kichwa kinamuuma, — alisema yule mwanamke wa chini, sauti yake ikipanda. — Alisema ataegemea kidogo nyuma ya pazia. Lakini hiyo ilikuwa asubuhi. Tulipotoka sisi, nilidhani yuko nyuma yetu.

Wote wakamtazama Bosboi, baba mkwe wa mwali huyo. Bosboi alifungua mdomo aseme yuko nyumbani, kisha akakumbuka kuwa ili afike nyumbani ilimpasa apite hapa mlangoni, na mlango wa nyuma umezibwa. Akatazama mlango. Akatazama benchi lililoegemea kando ya mlango. Mwishowe akaitazama miguu yake mwenyewe, iliyonyooshwa mbele ya kizingiti alipokaa tangu asubuhi, miguu ambayo 'Mathabo asingeiruka.

Moliehi alishairuka.

Ndani kulikuwa na joto zito lenye harufu ya oili. Moto ndani ya jiko haukuwa ule wa siku ya kwanza. Ulikuwa mfupi, mwekundu, mvivu, na moshi mwembamba ulikuwa ukichungulia nje kwenye maungio ya bomba. Alilivuta pazia la kujaribia nguo, pete zake zikakatika. 'Mathabo alikuwa amelala juu ya rundo la sketi nyeusi, magoti ameyakunja. Kitambaa chake cha kichwa alikuwa amekivua akakikunja chini ya shavu, kama mtoto. Midomo yake ilikuwa myekundu vizuri, mtu angedhani ana afya.

— 'Mathabo! 'Mathabo, amka!

Alimshika makwapani, akamvuta. Rundo la sketi likaja naye. Kichwa cha Moliehi kikaanza kudunda, asiweze kumvuta zaidi.

— Bosboi! Njoo umbebe!

Bosboi alikuwa amefika kizingitini, akasimama hapo. Ameuficha uso kwa kiwiko.

— Kichwa chake kiko wazi, — alisema. — M'e, mimi ni baba mkwe wake. Mwite Shahidi. Mwite mtu yeyote.

— Ntate Ramaqele!

Jina lile lilimpata kama jiwe. Aliingia macho yakiwa chini, akajikwaa kwenye cherehani, akayainua macho, akamwona. Hapo hakungoja kitu. Alimnyakua mwali yule mikononi, nywele zake zikamwangukia begani, akatoka naye mbio kama mtu anayetoka mgodini na mwenzake.

Kwa nyuma kulikuwa na kishindo. Seipati na wenzake walikuwa wamezunguka nyumba, wanaupiga mlango uliozibwa kwa gogo la kuchanjia kuni. Udongo ulipasuka, maua ya uma yakaanguka vipandevipande, mlango ukafunguka na upepo wa theluji ukaingia wote kwa pamoja. Moliehi, akiwa anafunga bomba la oili, aliuona moto ukiruka juu, ukawa mweupe, ukanguruma kama mtu aliyezibuliwa pua. Akausimamia pale akiutazama mpaka tone la mwisho lilipoungua. Siku tatu moto ule na wanawake wale walikuwa wakigombania pumzi moja, na yeye ndiye aliyewafungia humo kwa mikono yake, akalainisha kwa viganja.

Nje Blanketi Mbili alikuwa amevua mablanketi yote mawili, amebaki na sweta iliyotoboka, na hakuna aliyetania. Walimlaza 'Mathabo juu ya moja, wakamfunika la pili. Shahidi alikuwa amekwenda stendi kutafuta gari la kumpeleka hospitali, anakimbia bila kumwambia mtu atakachokiona. Mgeni wa Mapholaneng alipiga magoti kwenye matope yaliyoganda, akawa anasugua ile mikono.

— Vuta pumzi, mwanangu, — alisema Bosboi. Alikuwa amekishika kichwa kile kisichofunikwa kwa viganja viwili na hakukumbuka kukiachia. — Vuta. Tena. Tena.

Kifua kilipanda, kikakwama, kikashuka. Kikapanda tena. Baadaye akakohoa, akatapika kidogo pembeni, na Moliehi aliyekuwa amesimama tangu asubuhi akajikuta ameketi chini bila kujua lini ameketi.

'Mathabo alifumbua macho. Aliuona uso wa baba mkwe wake juu yake, karibu kuliko alivyowahi kuuona, na mkono wake ukaanza kupanda kwenda kichwani kutafuta kitambaa. Haukufika.

— Acha, — alisema Bosboi. — Acha kitambaa. Pumua tu.

Akapumua. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine: mzee aliyevua mablanketi, wanawake wenye udongo mikononi, mama asiyemkumbuka vizuri, Moliehi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Bosboi alikuwa hajawahi kuisikia, nyembamba, yenye mkwaruzo, sauti ya mtu anayetaka kuelewa tu:

— Nilikuwa nawasikia ukutani. Mlikuwa mnacheka nini?

Bosboi alimtazama Blanketi Mbili. Blanketi Mbili alimtazama farasi.